Jembe la Apolo

Jumapili moja, kipindi cha watoto kilipokwisha, tulikuwa tunarudisha mabenchi mahali pake. Wengine walishakimbilia nje kucheza. Alibaki mvulana mmoja wa darasa la nne, ameshika benchi upande ule, nami nimeshika upande huu. Tulipolitua akaniuliza, "Mwalimu, leo umesema kila Mkristo ni shahidi wa Yesu. Sasa mimi nitahubiri wapi? Nikisimama sokoni watu watanicheka. Na Biblia yenyewe bado naisoma kwa kukwamakwama."

Swali lile halikuwa la kujibiwa juu juu. Nikaketi kwenye benchi lilelile, naye akaketi, nikamsimulia habari za mtu ambaye kazi yake ya kuhubiri ilianza kwa kununua jembe. Leo nawasimulia na ninyi, wanangu, maana najua swali la mwenzenu mnalo wengi.

Mtu huyo alizaliwa Buganda, kaskazini ya Ziwa Viktoria, yapata mwaka 1864. Alizaliwa pacha, ndiyo maana akaitwa Waswa. Kwetu Tanzania ukisikia Kulwa unajua kuna Doto. Kwa Waganda ukisikia Waswa ujue kuna Kato, au Nakato akiwa wa kike. Jina la Apolo alilipata baadaye, kwenye ubatizo. Jina lake la pili, Kivebulaya, lilikuwa la utani. Litamkeni polepole: ki-ve-Bulaya. Bulaya ni Ulaya hiihii tunayoisema sisi, na Kivebulaya maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Watu walimpachika jina hilo kwa sababu alivaa koti jekundu la kizungu juu ya kanzu yake nyeupe. Utani ukamganda, na leo ndilo jina tunalomkumbuka nalo.

Alikua katika miaka migumu. Mwaka 1878 alifika Buganda mmisionari Mskoti, Alexander Mackay. Huyu alikuwa fundi. Mikono iliyoshika nyundo karakanani ndiyo hiyohiyo iliyowaonyesha vijana herufi na kuendesha mtambo wa kuchapa vitabu. Waganda wakawaita watu wa dini wasomaji, kwa kuwa katika lugha yao kusoma kitabu na kushika dini ni neno moja. Na wengi wa wasomaji wale wa kwanza walianzia kwenye vitabu vya Kiswahili, kwani vya Kiganda vilikuwa bado havijapatikana.

Kisha Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, akawageukia wasomaji. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, vijana wengi wakachomwa moto kwa ajili ya imani yao, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Wengi walikuwa watumishi wa ikulu, na Kizito, mdogo kuliko wote, alikuwa na miaka kama 14. Baada ya hapo nchi ikaingia kwenye vita vya makundi ya dini. Waswa naye alitumbukia humo. Kwa muda alikuwa na Waislamu, na alijua maisha ya askari. Lakini aliyokuwa ameyasikia kwa Mackay hayakumtoka moyoni. Akajifunza, akaulizwa maswali, akabatizwa Januari 1895, naye keshapita miaka 30.

Nawaeleza hayo ili msidhani kwamba watu wa Mungu huzaliwa wamekwisha kuiva. Apolo alichelewa kuliko wengi wenu. Alipofika, alifika na moyo wote.

Mwaka uleule aliobatizwa, kanisa lilikuwa linatafuta walimu wa kwenda Toro, magharibi, chini ya milima ya Ruwenzori. Apolo akajitolea. Kutoka Toro ilisikika habari ya mahali pa mbali zaidi, panapoitwa Mboga. Ili kufika huko unauzunguka mlima kwa kaskazini. Huo ni mlima wenye theluji kileleni, wenye urefu wa zaidi ya mita 5,000. Kisha unateremka bonde lenye joto la Semliki, unauvuka mto wenye viboko na mamba, unapanda tena ukingo wa upande wa pili. Ndipo unaikuta Mboga, na nyuma yake msitu mkubwa wa Ituri, ambao leo uko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Walimu wawili Waganda walikuwa wamekwisha kufika Mboga kabla yake, wakashindwa. Mtawala wa pale, Tabaro, hakutaka mafundisho yao. Aliwanyima chakula tu. Walimu wale walizoea kwamba mgeni wa heshima hulishwa na mwenyeji wake. Waliponyimwa, njaa ikawarudisha walikotoka.

Habari hizo Apolo alizisikia. Husimuliwa kwamba kabla ya kuondoka alikwenda akanunua jembe.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Apolo hakungoja siku ya tatu wala hakungoja kupewa. Mwaka 1896 alipofika Mboga, alikuwa mgeni aliyekuja na jembe lake.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana jambo hili mtoto wa leo anaweza asilione. Buganda ya siku zile, kulima chakula ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume angejenga, angepigana, angewinda, angekaa barazani kwa mkubwa wake. Lakini ainame migombani na jembe? Watu wangemwonea aibu. Basi mfikirieni mwalimu wa dini, mtu anayejua kitabu, mwenye kanzu na koti lake jekundu. Ameifunga kanzu kiunoni. Anainama, jembe linapanda, linashuka, linaung'oa udongo na mizizi ya majani, naye anaukung'uta kwa mkono. Jua likipanda, mgongo unaloa jasho. Watu wa Mboga wanapita njiani na kumtazama. Walijua mtawala amekataza mwalimu asilishwe. Walingoja afungashe aondoke kama wenzake. Wakaona anapanda.

Mtu akipanda, wanangu, amesema kwamba haondoki. Kabla Apolo hajawafundisha watu wale herufi moja, walikuwa wamekwisha kujua mambo matatu juu yake: hakuja kula cha watu, haoni kazi kuwa aibu, na hana haraka ya kwenda. Alipofungua kitabu, masikio yakawa tayari.

Hapo nikamgeukia mvulana wangu, nikamuuliza, "Nyumbani kwenu zamu ya kuosha vyombo ni ya nani?" Akacheka, akasema ni ya dada zake, yeye ni mwanamume. Nikamwambia, basi jembe lako liko jikoni, ndani ya karai la vyombo.

Ninyi nanyi msitafute mbali. Yuko mtoto anayesali kwa sauti nzuri kanisani, lakini shuleni zamu yake ya kudeki ikifika ana tumbo linauma. Yuko anayeijua mistari ya Biblia kwa moyo, lakini akitumwa dukani chenji hupungua njiani. Wenzao wanawaona. Mama wa duka anawaona. Siku mtoto huyo akisema habari za Yesu, watu wataipima sauti yake kwa ile chenji. Na yuko mwingine asiyejua kusema sana, lakini alipozidishiwa shilingi mia tano alirudi nazo, ameshika sarafu mkononi na jasho la kukimbia usoni. Huyo amekwisha kulima shamba lake.

Basi turudi Mboga. Kidogo kidogo watu wakaanza kumfuata Apolo ili wasome. Tabaro akaona hatari. Mafundisho yale yaligusa pombe, yaligusa wake wengi, yaligusa mizimu. Mtawala aliona mamlaka yake yanamponyoka. Akaamuru Apolo apigwe, na alipigwa sana.

Kisha likatokea jambo zito zaidi. Watu walikuwa wanajenga nyumba ya kusalia na kukusanya majani ya kuezekea. Ndani ya majani hayo ulikuwamo mkuki, na hakuna aliyejua. Dada yake Tabaro akajikwaa, akauangukia mkuki ule, ukamchoma akafa.

Tusipite hapa mbio. Mwanamke amekufa. Kulikuwa na kilio cha kweli katika nyumba ile, na mtu mwenye kilio hutafuta wa kumlaumu. Tabaro alimkamata Apolo na kusema ndiye muuaji. Apolo akafungwa minyororo, akapelekwa Toro kwa maofisa wa Kiingereza, akatiwa gerezani. Njia ileile aliyokuja nayo na jembe begani, mto uleule, mlima uleule, akairudia na chuma mwilini.

Alikuwa hana kosa. Lakini mnajua kusingiziwa kunavyouma. Huumwi kwa kipigo peke yake. Unaumwa zaidi kwa sababu ulikuja kwa wema. Kule gerezani, mawazo ya kuacha yote na kurudi kwao Buganda yangekuwa ya haki kabisa.

Apolo mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika siku zile za mateso, usiku mmoja alimwona Yesu Kristo katika maono, anang'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo, kwani yuko pamoja naye. Tangu usiku ule, alisema, hofu ilimtoka. Maono hayo aliyakumbuka maisha yake yote, na waliomfahamu walisema kwamba hata sura yake ilikuwa na furaha isiyo ya kawaida.

Ilipoonekana hana hatia, akafunguliwa. Na sasa angalieni alikwenda wapi. Hakwenda kwao. Aliuzunguka tena mlima, akateremka tena bondeni, akavuka tena mto, akarudi Mboga kwa watu waliompiga na kwa mtawala aliyemfunga.

Nafikiri kurudi kule ndiko kulikohubiri kuliko hotuba yoyote. Tabaro alijua jinsi mtu aliyeumizwa anavyorudi: hurudi na wenziwe, usiku, na silaha. Huyu hakurudi kulipiza kisasi. Alirudi akaendelea kufundisha. Mwisho wa yote Tabaro mwenyewe akaanza kusoma. Akabatizwa, akaitwa Paulo, jina la mtume ambaye naye mwanzoni aliwawinda Wakristo kabla hajawa mmoja wao.

Nilipofika hapo, mvulana yule alikuwa amenyamaza, anakwaruza benchi kwa ukucha. Nikamuuliza ana nini. Akasema karibu na kwao yupo bibi mmoja anayekaa peke yake. Kioo cha dirisha lake kilivunjwa na mpira, na bibi akamshika yeye, akampeleka kwa baba yake, akachapwa. "Na siyo mimi niliyevunja, mwalimu. Tangu siku ile nikimwona napita njia nyingine."

Sikumwambia bibi alikuwa sahihi, kwa sababu hakuwa sahihi. Kusamehe si kusema kwamba hukuonewa. Apolo hakukubali kwamba yeye ni muuaji. Alisema ukweli wake, akausimamia. Lakini ukweli ulipokwisha kusemwa, hakuugeuza kuwa ukuta kati yake na Tabaro. Nikamwambia mvulana, ukiweza, mweleze baba yako ukweli kwa heshima. Halafu ile njia unayoikwepa, siku moja ipite tena.

Ninyi wasomaji wangu wadogo, kumbukeni jambo moja hapa. Akiwapo mtu mzima anayekuumiza mwili, au anayekufanyia mambo ya aibu, kusamehe hakumaanishi urudi mikononi mwake wala unyamaze. Mwambie mama, mwalimu au mchungaji, na kama wa kwanza hakukusikia mwambie wa pili. Apolo alikuwa mtu mzima aliyejichagulia mwenyewe kurudi. Mtoto kazi yake ni kulindwa.

Miaka ikaenda. Mwaka 1900 Apolo akafanywa shemasi, na mwaka 1903 akawa kasisi. Hakuoa. Aliishi na vijana aliowafundisha na kuwalea, wengine wakawa walimu baada yake. Mipaka ya wakoloni ikahamishwa, na Mboga, iliyokuwa ikihesabiwa upande wa Waingereza, ikawa ya Kongo ya Wabelgiji. Kwa Apolo mstari ule wa kwenye ramani haukubadili kitu: watu walikuwa walewale.

Mnamo mwaka 1921, naye anakaribia miaka 60, aliugeukia msitu. Ndani ya Ituri wanaishi Wambuti, watu wafupi wa kimo, mabingwa wa kuwinda kwa nyavu na upinde, wanaojua asali iko mti gani na mnyama amepita saa ngapi. Majirani zao wakulima waliwadharau. Waliwaita majina ya kejeli, waliwatumikisha, na wengine hawakuwahesabu kuwa watu sawasawa na wao. Hata leo katika Kiswahili yapo maneno ya kuwaita ambayo mtu mwenye adabu hayatamki.

Apolo aliingia msituni kwa miguu, akakaa nao. Ukitaka kujua kama mtu anakuheshimu, angalia kama atakaa chini unapokaa wewe na kula unachokula. Tena alifanya jambo ambalo wengi hawakulifikiria: alijifunza lugha yao, na akashughulika kutafsiri Injili ya Marko kwa lugha hiyo. Fikirini maana yake. Unaweza kumwambia mtu kwamba Mungu anampenda, halafu ukamlazimisha kwanza ajue lugha ya wanaomdharau. Apolo alilibeba neno mpaka kwenye maneno yao wenyewe, yale ambayo mama humwambia mtoto wake kando ya moto.

Mwaka 1922 kanisa lilimpa heshima ya kuwa kanoni wa Namirembe, kanisa kuu la Kampala. Ni cheo kikubwa, na angeweza kukitumia kurudi mjini akapumzika kati ya watu wake. Hakurudi.

Darasani kwenu yupo Mmbuti wenu. Labda ni mtoto anayechekwa kwa lafudhi yake, kwa kuwa wazazi wake wamehamia kutoka mkoa mwingine au wamekimbia vita. Labda ni yule anayevaa sare yenye viraka, au mwenye ualbino ambaye wenzake wanaogopa kugusana naye, au anayeketi peke yake wakati wa uji kwa sababu yake mwenyewe. Usianze kwa kumhubiria. Nenda ukakae naye unywe uji. Jifunze jina lake lilivyo, ulitamke kama mama yake anavyolitamka.

Lakini je, jembe peke yake linatosha? Wapo watu wazima wanaosema, mimi nitaishi vizuri tu, sina haja ya kumtaja Yesu. Maisha ya Apolo hayasemi hivyo. Jembe lilikuwa mkono huu, na kitabu mkono ule. Kama angelima tu, watu wa Mboga wangesema amekuja mkulima hodari kutoka Buganda, basi. Kama angehubiri tu, njaa ingemrudisha kama wenzake. Alilima mpaka watu wakauliza, na walipouliza hakuficha.

Mtume Petro aliwaandikia Wakristo wa zamani jambo linalofanana na hilo: wawe tayari wakati wote kumjibu yeyote anayewauliza sababu ya tumaini lao, tena wajibu kwa upole na heshima. Ule upole ni sehemu ya jibu lenyewe. Wengi wenu mnasoma na watoto wa Kiislamu, mnacheza nao, Idi mnakula pilau kwao na Krismasi wanakula kwenu. Mwenzako akifunga Ramadhani, usimtafunie maandazi mbele yake kwa makusudi. Akikuuliza kwa nini wewe unasali Jumapili, mwambie ukweli wako wote bila kuona haya. Naye akikueleza imani yake, msikilize kama unavyotaka kusikilizwa. Kumpenda Yesu hakuhitaji kumdharau mtu. Kejeli ikitoka kinywani mwako, mwenzako atakumbuka kejeli, na habari njema atakuwa hakuisikia.

Na usiogope kukwama. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema, "Hilo silijui, nitauliza." Apolo alibatizwa mwezi Januari na kabla mwaka haujaisha alikuwa mwalimu. Hakuwa amemaliza kujifunza. Alikuwa mwanafunzi aliyetangulia hatua mbili, akageuka kumshika mkono aliye nyuma yake.

Apolo Kivebulaya alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla hajafa aliacha maagizo juu ya kaburi lake. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, kwa watu ambao habari njema ilikuwa bado haijawafikia. Akazikwa hivyo, hapohapo Mboga, mbali na kwao, katika nchi aliyoingia na jembe begani.

Kazi ile haikufa naye. Mwaka 1972 Mboga ikawa makao ya dayosisi, na leo Kanisa Anglikana la Kongo lenye dayosisi nyingi linamhesabu Apolo kuwa baba yake. Katika sehemu kubwa ya mashariki ya nchi hiyo, ibada zake huendeshwa kwa Kiswahili, lugha hii mnayoisoma sasa. Waumini wa huko wamepita kwenye taabu. Mwishoni mwa Mei 2021, watu wenye silaha waliishambulia Mboga usiku, wakaua makumi ya watu, wengine ndani ya nyumba zao. Mkiwaombea wenzenu wa Ituri, jueni mnawaombea watu wanaolima mashamba yale aliyolima Apolo, wanaozika wapendwa wao, na ambao bado Jumapili huenda kanisani. Kwao kusamehe si somo la darasani.

Nilipomaliza, mvulana yule hakusema kitu. Alinisaidia kufunga madirisha, akaniaga, akaenda zake.

Wiki kama tatu baadaye nilipita karibu na bomba la maji la mtaa wao. Foleni ilikuwa ndefu, ndoo zimepangwa, watoto wanasukumana. Nikamwona amebeba ndoo ya lita kumi, maji yanamruka miguuni, anaelekea nyumba yenye kioo kipya dirishani. Bibi alikuwa mlangoni, amesimama na fimbo yake. Mvulana akaimwaga ndoo kwenye pipa la bibi, akarudi kwenye foleni. Mwenzake mmoja akamuuliza kwa sauti, nikasikia hadi nilipokuwa: "Kwani yule ni bibi yako?"

"Hapana."

"Sasa si ndiye aliyekuchapisha? Mbona unamchotea maji?"

Sikusikia alichojibu, maana alishusha sauti. Nilichoona ni kwamba aliweka ndoo chini, na yule mwenzake, aliyekuwa akisukumana na watu, akasimama akamsikiliza.